Ngazi, baraza na veranda: Pa kukaa bure panazidi kupotea Embu

Agosti 12, 1958, mwendo wa saa nne asubuhi, wanamuziki 57 wa jazi walikusanyika mbele ya nyumba nambari 17 ya East 126th Street, mtaani Harlem, jijini New York. Mpigapicha Art Kane alikuwa na kazi ya jarida la Esquire. Kwa watu waliozoea kupiga muziki hadi majogoo, saa nne asubuhi ni kama usiku wa manane. Lakini walikuja: Dizzy Gillespie, Thelonious Monk, Mary Lou Williams, Sonny Rollins, Count Basie. Baadhi walipanda ngazi za mlangoni, wengine wakajipanga chini kando ya barabara. Basie alichoka kusimama, akaketi zake ukingoni mwa barabara. Watoto wa mtaa wakaja, wakaketi naye, wakaingia kwenye picha hivyo hivyo.

Picha hiyo ikawa mojawapo ya picha maarufu zaidi katika historia ya muziki wa Marekani. Wengi huitazama kwa ajili ya nyuso. Mimi huwa naangalia ngazi. Hakuna aliyekodi ukumbi. Hakuna soja aliyeuliza mtu anaenda nyumba nambari ngapi. Mlango wa mtu, ngazi zake na kipande cha barabara vilitosha kubeba vigogo 57, na watoto wakapata nafasi.

Sasa jiulize swali la nyumbani. Wasanii 57 wa Embu wakitaka kupiga picha kama hiyo leo, wasimame mbele ya nyumba gani? Zunguka Majimbo au Kangaru uangalie flati mpya. Ukuta. Geti jeusi la chuma. Ndani ya geti, nafasi ya magari ya wapangaji ambao wengi wao hawana magari. Ukutani, maandishi ya rangi nyekundu: Usikae hapa. Tunajenga sana siku hizi, lakini tumeacha kujenga mahali pa kukaa kati ya mlango na barabara. Mahali hapo pana historia, na pana faida ambayo hatuioni mpaka paondoke.

Nyumba iliyovaa jiwe

Nyumba ya picha ile ni ya aina ambayo Wamarekani huiita braunstoni, yaani jiwe la kahawia. Kama umetazama filamu za New York umeziona: nyumba nyembamba za orofa tatu au nne, zimeshikana ubavu kwa ubavu kama meno, kila moja na ngazi zake zinazopanda kutoka barabarani hadi mlango mkuu. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19, hasa nusu yake ya pili, Manhattan, Brooklyn na miji ya karibu.

Jiwe lenyewe ni la mchanga ulioshikamana, lenye madini ya chuma, ndiyo maana rangi yake inafanana na chokoleti. Machimbo yaliyojulikana zaidi yalikuwa Portland, jimbo la Connecticut, kando ya mto, na mawe yalisafirishwa kwa maji hadi New York. Lilikuwa laini kuchonga, na lilimfanya mtu wa kipato cha kati aonekane tajiri.

Na hapa ndipo utakapocheka. Jiwe hilo lilikuwa usoni tu. Ukuta wenyewe ni wa matofali, na jiwe ni bamba la unene wa sentimita 10 hadi 15 hivi lililosimamishwa mbele. Si ndivyo tunavyofanya? Flati ya Embu upande wa barabara imevaa vigae na vioo vya samawati. Pita nyuma uone mawe ya mashini yakiwa uchi, hata plasta hayajaonja. Mbwembwe hizi zina zaidi ya miaka 150.

Bamba lile pia lilikuwa na ugonjwa wake. Jiwe la mchanga lina matabaka kama kurasa za kitabu. Wajenzi wengi waliyasimamisha matabaka hayo wima, maji yakaingia katikati, wakati wa baridi kali yakaganda na kuvimba, na jiwe likaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Braunstoni nyingi unazoziona leo zimepakwa saruji ya rangi ya kahawia ili zifanane na jiwe lililokuwapo.

Vipimo navyo vitakufanya ujihisi nyumbani. Sisi husema "hamsini kwa mia". Kule kiwanja cha kawaida kilikuwa futi 25 kwa 100, yaani ploti yetu ikikatwa katikati kwa urefu. Ukiwa na uso mwembamba hivyo kuelekea barabarani, kila futi ya mbele ina kazi yake, na kazi kubwa ilipewa ngazi.

Ngazi hizo wenyewe huziita stupu, neno walilolipata kwa Waholanzi, ambao ndio walioanzisha mji huo kabla ya Waingereza kuuchukua mwaka wa 1664. Kwao Uholanzi, nchi ya maji, mlango ulioinuliwa ulikuwa jambo la kawaida. Baadaye, mnamo 1811, Manhattan ilipochorewa ramani yake ya barabara zilizonyooka, vichochoro vya nyuma havikuwekwa. Kila kitu kikalazimika kuingilia mbele: mgeni, makaa ya mawe, bwana na mtumishi. Stupu ilitatua shida hiyo. Mgeni wa heshima alipanda hadi sebuleni. Mtumishi na mleta bidhaa waliingilia mlango mdogo ulio chini ya ngazi hizo hizo.

Kwa hivyo stupu ilipata umaarufu kama kitu cha kutenganisha watu. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza.

Harlem ilijengewa wazungu wenye uwezo. Wajenzi wakajenga kupita kiasi, soko likaanguka mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba zikakosa wapangaji. Mwaka wa 1904, mfanyabiashara mweusi Philip Payton alianzisha kampuni ya Afro-American Realty iliyopangisha watu weusi katika nyumba za Harlem. Miaka iliyofuata watu weusi walimiminika kutoka majimbo ya kusini. Kodi ilikuwa juu, kwa hivyo nyumba iliyojengewa familia moja ikagawanywa vyumba, na kila chumba kikapata watu wake. Kwa lugha yetu, braunstoni zikawa ploti.

Ndani kulikuwa na msongamano, na joto la Julai halina huruma. Watu wakatoka nje. Ngazi zikawa sebule ya wasio na sebule. Mwaka wa 1961, Jane Jacobs, mwandishi aliyekuwa akiishi Hudson Street huko Manhattan, alichapisha kitabu The Death and Life of Great American Cities. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba barabara hulindwa kwanza na macho ya wanaoishi na kufanya biashara kando yake, kabla hata polisi hajafika. Mwaka wa 1969 kipindi cha watoto cha Sesame Street kilianza kwenye televisheni, na kitovu cha mtaa wake kikawa ngazi za nyumba nambari 123. Watoto wa nchi nyingi walijifunza kuhesabu wakitazama watu waliokaa kwenye stupu.

Pwani hawakungoja Brooklyn

Hili la kukaa mlangoni halikuanzia New York, na si lazima uwe na viza ili ulione. Panda basi hadi Lamu.

Mji wa kale wa Lamu una nyumba za mawe ambazo nyingi ni za karne ya 18 na 19. Jiwe lake ni la matumbawe, linashikwa kwa chokaa, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haiwezi kuvutwa, kwa hivyo vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida havifiki upana wa mita tatu. Kama New York ilivyobanwa na kiwanja cha futi 25, Lamu ilibanwa na mti.

Ukifika mlangoni, kabla hujagonga, unakutana na daka. Hiki ni kibaraza kilichofunikwa, chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni asiye wa ndani hupokewa hapo. Mwenye nyumba anaweza kuongea na mfanyabiashara, akanywa kahawa, akapata habari za mji, bila mtu kuingia ndani. Ukivuka mlango kuna tekani, halafu kiwanda, yaani ua wa wazi. Kisha kuna misana, vyumba virefu vinavyofuatana, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, ambacho ukuta wake hupambwa kwa zidaka, vile vijishubaka vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu. Nyumba nzima imepangwa kama mazungumzo: kwanza salamu, kisha habari, siri baadaye.

Mji Mkongwe wa Zanzibar nao una baraza, viti vya mawe vilivyojengwa vikiwa sehemu ya ukuta wa nyumba upande wa nje. Mvua kubwa ikinyesha na kichochoro kugeuka mto, watu hupita juu ya baraza kama daraja. Jua likishuka, baraza ni ya kahawa, bao, dhumna na siasa. Ukitaka kusikia siasa za Unguja zikichambuliwa, nenda Jaws Corner, pale wazee na vijana wanapokaa na vikombe vyao.

Tafakari neno lenyewe. Baraza ni kiti cha mawe nje ya nyumba. Baraza pia ni mkutano wa chifu, ule ambao babu yako wa Runyenjes au Siakago alihudhuria. Na serikali yenyewe ina Baraza la Mawaziri. Kiswahili kiliona kwamba mahali watu wanapokaa na mahali mambo yanapoamuliwa ni pamoja.

Embu tulikuwa na veranda

Mtu atasema hayo ni mambo ya Pwani, sisi wa mlimani tuna mvua na baridi. Ni kweli, Embu iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na masika ikianza Machi hakuna atakayekaa kwenye kiti cha mawe kilicho wazi. Ndiyo maana sisi tulikuwa na veranda.

Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka wa 1906 baada ya kuwashambulia Waembu. Miji ya aina hii ilipokua, maduka yake mengi yalijengwa na Wahindi, waliosambaa bara baada ya reli ya Mombasa hadi Kisumu kufika ziwani mwaka wa 1901. Sheria za kikoloni hazikuwaruhusu kununua mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa wazungu, kwa hivyo riziki yao ilikuwa kwenye ploti za mjini. Wakajenga duka mbele, makao nyuma, na katikati ya duka na barabara wakaweka veranda: sakafu ya saruji iliyoinuliwa hatua moja au mbili, nguzo, na paa la mabati lililorefushwa mbele.

Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na wengi wakaacha maduka ya miji midogo. Waafrika wakayachukua. Veranda zikabaki, na kama stupu za Harlem, zikapata watu ambao mjenzi hakuwafikiria. Fundi wa viatu na kijisanduku chake. Fundi wa nguo na cherehani. Mama wa uji. Muuzaji wa muguka na majani yake kwenye kitambaa chenye unyevu. Mtu wa boda anayengoja mvua ipungue. Mwanafunzi aliyekosa matatu ya jioni.

Hakuna hata mmoja wa hawa anayelipa kodi ya duka. Veranda ndiyo ofisi ya kwanza ya mtu asiye na mtaji. Wengi tunaojiita mahasla tulianza kwa kukaa kwenye sakafu ya mtu mwingine, kwa ruhusa ambayo haijawahi kuandikwa popote. Mimi sikumaliza chuo, na siasa nyingi ninazozijua nilizisikia verandani mvua ikinyesha.

Sasa tazama kinachotokea duka la zamani likibomolewa. Jengo jipya linapanda orofa tano, na ukuta wake wa mbele unasogea hadi mpaka wa ploti. Veranda inamezwa, kwa sababu kila futi ya chini ni kodi. Pale alipokaa fundi wa viatu panakuwa kioo na tangazo la simu. Mvua ikija, sote tunabanana chini ya bango.

Kwenye makazi hali ni hiyo hiyo. Ploti ya zamani, ile ya vyumba vya futi kumi kwa kumi vinavyotazamana na bomba la maji katikati, ilikuwa na shida zake nyingi: choo kimoja, kelele, umbea. Lakini mlango ulifunguka kwenye watu. Pita Dallas, mtaa wetu uliobeba jina la mji wa Marekani, uone nyumba za mbao na mabati: mama anaosha vyombo nje, jirani anamwangalia mtoto wa mwenzake, kijana anachaji simu mlangoni. Tangu Chuo Kikuu cha Embu kipate hati yake mwaka wa 2016, hosteli na bedsita zimeota kila upande, na bedsita ina choo ndani, sinki ndani, kila kitu ndani. Ukitoka unakutana na korido yenye giza na milango iliyofungwa. Unaweza kuishi mwaka mzima bila kujua jina la anayelala upande wa pili wa ukuta wako, ingawa nyimbo zake zote unazijua.

Mzururaji ni nani?

Kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, nayo ni ya kisheria.

Kijana aliyekaa kwenye ngazi za kwao yuko nyumbani. Kijana yule yule akisogea hatua tano hadi barabarani, akakaa bila shughuli inayoonekana, anaweza kuitwa mzururaji. Waingereza walituachia sheria za uzururaji zilizotokana na sheria za kwao za zamani za kuwadhibiti maskini. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ya Kenya imebeba kifungu cha 182 kuhusu watu wasio na kazi na wasio na utaratibu. Ukiwahi kutupwa nyuma ya lori la polisi jioni kwa kosa la kusimama, unajua kifungu hicho hata kama hujakisoma.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Huo ni ushauri, hauna nguvu ya kumfungulia mtu seli usiku. Lakini ulisema wazi kitu ambacho kila msee wa mtaani anakijua: sheria hizo huwapata zaidi watu wasio na pesa.

Tukiondoa veranda na ngazi, tunamwachia kijana sehemu mbili tu: kitanda chake au barabara. Kitandani anakaa peke yake na simu. Barabarani ni mshukiwa. Sehemu ya tatu, ile ambayo si ndani wala si nje, ndiyo iliyokuwa inamlinda.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili

Landilodi hawaandiki "Usikae hapa" kwa roho mbaya tu. Wanaogopa wizi, kelele, maganda ya muguka, na wapangaji watakaohama. Hofu hizo zina msingi. Hata New York, tangu 1979 sheria ya jiji inakataza kunywa pombe hadharani, na kuna watu walioandikiwa faini wakiwa na bia kwenye ngazi za nyumba zao wenyewe.

Wasichana nao wana kesi yao, na ni nzito zaidi. Dada yako anaijua veranda kama mahali anapopita akiwa ameinamisha kichwa ili asiitwe majina. Lamu yenyewe, pamoja na uzuri wake, daka ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa nyumba jirani walivukia juu, kwenye wikio, chumba kilichojengwa kama daraja kuunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ili wasionekane barabarani. Kwa hivyo tukidai veranda zirudi, tusidai zile za wanaume kumi wanaohukumu kila anayepita. Ploti ya zamani ilikuwa bora kwenye hili: uwanja ulikuwa wa akina mama kwanza, na kijana aliyeleta ujinga alitulizwa na mama asiyemzaa.

Nyumba zikiokolewa, watu je?

Hadithi ya braunstoni ina sura moja zaidi. Mwaka wa 1963 New York ilianza kubomoa kituo kikubwa cha reli cha Pennsylvania, watu wakakasirika, na mwaka wa 1965 jiji likapitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Brooklyn Heights, mtaa uliojaa nyumba hizi, ukawa wa kwanza kulindwa mwaka huo huo. Nyumba zilizodharauliwa zikaanza kutafutwa tena.

Spike Lee alikiona kilichofuata. Katika filamu yake ya 1989, Do the Right Thing, iliyopigwa mtaani Bedford-Stuyvesant, mzungu mwenye baiskeli anakanyaga Air Jordan mpya za kijana wa mtaa. Kijana anamfuata kwa hasira hadi kwenye ngazi za braunstoni, na jamaa anamjulisha kwamba nyumba hiyo ni yake, ameinunua. Ukumbi mzima ulicheka mambo ya viatu. Leo braunstoni moja Brooklyn huuzwa kwa mamilioni ya dola, na wengi wa waliozifanya ngazi zile kuwa maarufu hawawezi kumudu kodi ya mtaa huo.

Pwani kwetu mambo yanafanana. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, serikali ikachukua majumba na kuyapangisha familia kadhaa pamoja. Bila matengenezo ya kutosha mengi yalidhoofika, hadi mamlaka ya kuuhifadhi mji ikaundwa mwaka wa 1985. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2000, na Lamu ikafuata 2001. Sifa ilileta wageni, wageni walileta pesa, na nyumba nyingi zikawa hoteli au za kupangishia watalii. Hata hivyo sifa pekee haikutosha kuokoa kila kitu: Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la veranda lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Kwa hivyo siwaombi Embu igeuke makumbusho. Mabati yaliyotoboka si urithi, na mtu ana haki ya choo ndani ya nyumba yake. Ninachotaka kibaki ni ile futi sita ya mbele.

Nayo inawezekana bila muujiza. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayejenga lazima apate kibali cha kaunti. Kaunti ikiamua kwamba jengo la biashara katikati ya mji litaacha njia iliyofunikwa mbele yake, mchoraji ataichora, kwa sababu bila hiyo hapati muhuri. Orofa za juu zinaweza kusimama juu ya njia hiyo, kwa hivyo mwenye jengo hapotezi vyumba vya kupangisha, anapunguza duka la chini tu. Kwa upande wa flati, viti viwili vya saruji kando ya geti, paa dogo na taa moja havifikii gharama ya vile vioo vya samawati. Taa hiyo na watu watakaokaa chini yake watamsaidia soja wa usiku kuliko maandishi mekundu.

Kaunti huita vikao vya umma kuhusu bajeti na mipango ya mji. Kwa kawaida vinajaa wazee, kwa sababu sisi tuko kazini, au tuko ndani na simu. Ajenda ikiwa ni barabara na masoko, veranda ni sehemu yake. Nenda useme.

Na mwezi huu ukihama, ukiwa unatafuta keja, usiangalie vigae na presha ya maji peke yake. Kabla hujalipa dipoziti, simama nje ya mlango kwa dakika tano, jioni, watu wakirudi kutoka kazini. Angalia kama wanasalimiana. Angalia kama kuna mtoto anacheza, na kama kuna mtu mzima anayemwona. Kisha muulize landilodi swali moja ambalo hajazoea kuulizwa: wageni wangu wakija, watakaa wapi kabla sijafungua?